Tupeane uzoefu: mliosomea tiba ya usemi Kanada, mlichaguaje chuo na mliombaje nafasi?

Binti Pangani (mwanzisha uzi)

Wadau, salamu. Nina shahada ya isimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Niko Mississauga na mume na watoto, ukaazi wa kudumu tumeshapata. Mchana nabeba boksi, usiku nasoma. Nimeamua kusomea tiba ya usemi na lugha: kazi ya kuwasaidia watoto waliochelewa kusema, wenye kigugumizi, watu wazima waliopata kiharusi wakapotewa na maneno, hata wagonjwa ambao chakula kinawapalia kila wakimeza. Kanada huwezi kuifanya bila shahada ya uzamili, na vyuo vinavyoifundisha ni vichache kwa nchi nzima. Vya Kiingereza nilivyoviona ni Toronto, Western (iko mji wa London, lakini ni London ya hapa Ontario), McMaster ya Hamilton, McGill ya Montreal, Alberta ya Edmonton, UBC ya Vancouver na Dalhousie ya Halifax.

Matangazo ya vyuo nimeyasoma mpaka macho yanauma. Ninachotaka ni mtu aliyeipita njia hii aniambie alichagua kwa kuangalia nini, alianza na karatasi ipi, na kama lafudhi yetu ilimkwamisha. Naomba kuwasilisha.

Mama Kibokoni

Shikamoo kwa wanaostahiki, wengine nawasalimu. Dadangu, mimi nilisoma Toronto na sasa niko hospitali, wagonjwa wa kiharusi.

Kabla hujakipenda chuo chochote, kaa chini na orodha ya masomo wanayokutaka uwe umeshayasoma. Kila chuo kina orodha yake, ila utakutana sana na fonetiki, saikolojia ya ukuaji wa mtoto, takwimu, na fiziolojia au anatomia ya mwanadamu. Wewe wa isimu fonetiki unayo. Nabahatisha kwamba fiziolojia na takwimu huna, maana kwetu mtu wa lugha haguswi na takwimu. Hayo yanasomeka kwa mbali. Athabasca University ya Alberta kazi yake ndiyo hiyo. Lakini usilipe hata senti kabla hujakiandikia chuo unachokitaka ukawatumia muhtasari wa somo lenyewe, wakakujibu kwa maandishi kwamba watalikubali. Jibu hilo lihifadhi.

Toronto, Western na McMaster maombi yao yanapita mlango mmoja, ORPAS, unaoendeshwa na kituo cha maombi cha vyuo vya Ontario kule Guelph. Unajaza fomu mara moja, kisha unalipia kila chuo ulichokiteua. Kwa kawaida dirisha hufungwa mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo mtu wa nje aanze kuhangaika na karatasi tangu majira ya joto. Ya kwetu ndiyo yanayochelewa. Shahada yangu ni ya Kenya, nikaipeleka kwa WES ipimwe kwa vipimo vya Kanada. WES wanataka chuo chenyewe kitume matokeo, si wewe uliyeyashika mkononi. Ofisi ya masjala ya chuo changu ilinizungusha hadi mdogo wangu akawa anakwenda kuketi pale asubuhi na kitambulisho changu. Mtu wako wa kukufuatilia mtafute mapema, na awe mtu asiyeona haya kurudi.

Kuchagua? Western na McMaster zote ni nzuri, sina neno. McMaster wanafundisha kwa vikundi vidogo: mnapewa kisa cha mgonjwa, mnakwenda kukitafutia majibu wenyewe. Wako wanaopenda hivyo. Mimi nilitazama mambo mawili tu. La kwanza, pale Toronto hospitali kubwa zimepangana barabara moja ya University Avenue, na mimi nilishajua nataka watu wazima. La pili, shangazi yangu yuko Scarborough na alinipa chumba. Kodi ya Toronto bila shangazi, sijui ningeimalizaje ile miaka miwili.

Jambo moja zaidi. Kabla sijaomba nilijitolea kwenye kazi za watu wenye afasia, yaani waliopotewa na maneno baada ya kiharusi. Toronto pana Aphasia Institute, iliyoanzishwa mwaka 1979 na Pat Arato baada ya mumewe kupata kiharusi. Wao ndio walioeneza namna ya kuzungumza na mtu aliyepoteza maneno: unaandika neno kuu kwenye karatasi, unachora, unampa kalamu, unamsubiri. Akili yake nzima ipo, ni njia ya kutokea iliyoziba. Ukishakaa na mtu kama huyo mchana mmoja, barua yako ya maombi haitakuwa na maneno ya kuokota.

Ndugu wa Bukavu

Bandugu, jambo. Naona wote munaongea vyuo vya Kiingereza, na hapa tuko wengi tuliosoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi: Wakongo, Warundi. Kwa Kifaransa kuna University of Ottawa, kuna Laurentian ya Sudbury, na kule Quebec kuna Laval, Montréal na Trois-Rivières. Ukienda Montréal ujue kwamba wanakuanzisha tangu shahada ya kwanza ya fani hiyohiyo mpaka uzamili, kwa hiyo mwenye shahada ya kitu kingine ahesabu miaka vizuri.

Mimi nilisoma Ottawa. Mafunzo ya vitendo yalinipeleka shule za Kifaransa za Ontario, na kila darasa nililoingia kulikuwa na watoto wa kwetu: Kiswahili cha mama nyumbani, Kifaransa cha darasani, Kiingereza cha uwanjani. Wazazi walipopata mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili kwa nini mtoto ameitwa kupimwa, mama mmoja alilia. Alidhani wanataka kumnyang'anya mtoto wake.

Kwa hiyo mtu wa Kifaransa asijilazimishe kwenda Kiingereza kwa sababu binamu yake yuko Toronto. Sudbury ni baridi kali, ni mji wa migodi ya nikeli, ila nyumba si bei ya Toronto, na miji ya kaskazini inayosema Kifaransa, kama Hearst, inawahitaji sana watu wa kazi hii. Jifunze gari mapema.

Kijana wa Tabata

Wakuu, samahani kuingilia. Mimi bado niko Dar, ukaazi sina. Naweza kuomba moja kwa moja kutoka huku?

Mama Kibokoni

Mdogo wangu, kwanza soma sehemu inayosema nani anaruhusiwa kuomba, kabla hujasoma kingine chochote. Ziko programu zinazopokea raia na wakaazi wa kudumu peke yao, na hata zinazopokea wa nje nafasi ni za kuhesabu. Mimi ningekuwa wewe ningeitazama Makerere. Wanafundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha tangu 2008, na wanaomaliza pale wanatibu watu wetu kwa lugha zetu. Kanada inaweza kuja baadaye.

Edmonton Baridi

Nitaeleza yangu kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Nina kigugumizi. Nimekuwa nacho tangu nikiwa mdogo kule Nakuru. Shuleni kusoma kwa sauti kulikuwa ndiko kunakonichapisha: mwalimu aliona nakataa kusoma, kumbe neno limekwama kooni. Nilijifunza kubadilisha maneno. Kama neno "baba" halitoki, nasema "mzee". Nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba kuna watu waliosomea jambo hili.

Nilipofika Alberta nikasikia habari za ISTAR, taasisi ya kutibu na kutafiti kigugumizi, iliyoanzishwa 1986 na iko chini ya University of Alberta. Nikaenda pale kama mgonjwa. Sikuponywa, na mtaalamu mzuri hakuahidi kuponywa kigugumizi. Nilichopata ni kuongea bila kujificha. Basi nilipoamua kusoma sikuzunguka vyuo. Nilitaka Alberta kwa sababu elimu ya kigugumizi imo ndani ya nyumba.

Nawashauri mchague hivyo. Majina ya vyuo hayatofautiani kiasi watu wanavyodhani, maana vyuo vyote hivi vinakaguliwa na kupewa ithibati, na ukimaliza unakwenda kwa chombo cha mkoa wako kupata leseni. Mgonjwa hatakuuliza ulisoma wapi. Kinachotofautiana ni walimu wanatafiti nini, na mafunzo ya vitendo utayafanyia kwa nani. Ukitaka watoto viziwi, uliza hilo. Ukitaka watu wa kumeza, uliza ni hospitali zipi zinazochukua wanafunzi. Chuo kikuu kizuri kisicho na njia ya kukufikisha kwa wagonjwa unaowataka ni kibaya kwako.

Kuhusu mafunzo ya vitendo, shirika la kitaifa la fani yetu, Speech-Language and Audiology Canada, limezoea kipimo cha saa 350 za kazi na wagonjwa chini ya uangalizi. Ni nyingi, na hazipatikani zote mjini. Mimi nilipelekwa Grande Prairie, mbali kaskazini. Mwenye watoto wadogo aulize mapema: naweza kupelekwa mbali kiasi gani, na gharama ya kukaa huko ni ya nani? Hili halimo kwenye vipeperushi vyao na linavunja nyumba za watu.

Barua ya maombi. Wengi wanaandika "napenda kusaidia watu". Anayeisoma ameshaisoma sentensi hiyo tangu asubuhi. Mimi niliandika habari za lile neno "baba". Nikaeleza nilichokiona ISTAR, mtaalamu alinifanyia nini na kwa nini alinifanyia hivyo, kisha nikaonyesha kwamba masomo niliyokwisha kusoma yananisaidia kuelewa sababu yake. Kwenye usaili nilikwama mara kadhaa. Sikubadilisha maneno. Niliwaambia mwanzoni kabisa kwamba nina kigugumizi na nitamaliza sentensi zangu zote, wanipe muda. Walinipa.

Salma wa shuleni

Kaka wa Edmonton, Mungu akuzidishie.

Dada wa Pangani aliuliza kuhusu lafudhi na hakujibiwa. Mimi ni wa Unguja, nafanya kazi shuleni hapa Ontario. Lafudhi yangu iko palepale. Kabla sijaomba, mtu mmoja aliyekuwa na cheo kunizidi aliniambia kwamba mwenye lafudhi kama yangu hawezi kumfundisha mtoto Kiingereza. Alikosea, na makosa yake yamo ndani ya elimu yenyewe ya fani hii. Jambo la kwanza tunalofundishwa ni kutenganisha tofauti na tatizo. Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili akilitia neno la Kiingereza irabu mwishoni, hana ugonjwa: maneno yetu huishia na irabu, naye anafuata sheria aliyoijua kwanza. Asiyeijua sheria hiyo atampa mtoto tiba asiyoihitaji. Na kinyume chake kipo: mtoto ana shida ya kweli, watu wanasema "ni lugha mbili tu zinamchanganya, mngoje", anangojwa mpaka miaka imepita.

Nimekutana na wazazi wa Kiswahili walioambiwa waache kusema Kiswahili nyumbani ili mtoto asichelewe. Wakaacha. Mama akabaki na Kiingereza cha kuamuru tu, njoo, kaa, kula, na bibi aliyekuwa akisimulia hadithi akanyamaza. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kusema. Mtoto akiwa na tatizo la kweli, litaonekana katika lugha zote mbili, na njia ya kulijua ni kusikiliza zote mbili. Mimi nasikiliza kama anapatanisha ngeli: anasema "kiti kimevunjika" au kila kitu anakisema "ime"? Anayaweka mahali pake "ni", "u", "a" ya mwanzo wa kitenzi? Kipimo kilichotungwa kwa mtoto wa Kiingereza hakiwezi kuniambia hayo.

Kwa hiyo dada, isimu yako na Kiswahili chako viandike juu kabisa kwenye barua. Usiviweke chini kama kitu cha kuombea radhi.

Oshawa

Fupi. Mwaka niliokosa nafasi sikukaa bure, nilisoma cheti cha msaidizi wa tiba ya usemi, Durham College. Georgian College nao wanacho. Unafanya kazi chini ya mtaalamu, unalipwa, unaiona kazi kwa karibu. Wenzangu wengine wameomba uzamili baadaye, mimi nimeridhika hapa.

Na wakaazi wa kudumu na wakimbizi waliokubaliwa wa Ontario, OSAP, yaani mkopo wa wanafunzi wa serikali ya Ontario, inawahusu pia. Watu wetu wengi wanadhani mkopo huo ni wa raia tu.

Binti Pangani

Nimesoma yote na mume wangu ameyasoma. Asanteni sana, dada Salma zaidi. Nitachukua takwimu na fiziolojia mwaka huu, nikishapata majibu ya maandishi kama alivyosema Mama Kibokoni. Nimeegemea Toronto na McMaster, maana Hamilton naweza kwenda na kurudi na watoto wasihame shule.

Limebaki moja. Wanataka barua za wanaonijua kitaaluma. Mwalimu wangu wa fonetiki wa Dar amestaafu na hatumii baruapepe. Nifanyeje?

Mama Kibokoni

Kustaafu hakumwondolei kukujua. Uliza kwanza chuo kama kinamkubali mwalimu mstaafu na kama ni lazima anwani iwe ya chuo. Wakikubali, mtume mtu aende kwake na matokeo yako na barua yako ya maombi, amsaidie kuijaza fomu mtandaoni, maneno yawe ya mwalimu mwenyewe. Barua ya pili itoke kwa mwalimu wa takwimu au fiziolojia utakayemsoma mwaka huu. Jitambulishe kwake wiki ya kwanza, usimngojee Desemba.