Naomba ushauri: silabi wanaziimba, kuzisoma hawawezi

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha darasa la kwanza huku Shinyanga, watoto zaidi ya tisini, wengi nyumbani wanaongea Kisukuma. Kwenye semina za KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) tulielekezwa kuanza na sauti za herufi, kisha mtoto aunganishe m na a apate "ma". Ndivyo ninavyofanya. Mwalimu mwenzangu wa mkondo wa pili, mama mzoefu kuliko mimi, anasema nachelewesha watoto. Yeye huandika ba be bi bo bu ubaoni na darasa linaitikia. Kweli wanaitikia vizuri mno! Ila ukifuta mstari ukabakiza "bo" peke yake, kimya.

Wangu "bo" wanaisoma. Tatizo linaanzia kwenye mb, nd, ng' na mw: "mbuzi" wanaisoma "mubuzi", na "ng'ombe" ndiyo usiseme.

Je, hizi mnazifundisha kama sauti moja tangu mwanzo, au mnasubiri silabi nyepesi ziishe kwanza? Na kwa darasa kubwa hivi, vitabu vya kugombania, mnamsikilizaje kila mtoto akisoma peke yake? Kadi za maboksi ninazo, muda ndio sina.