MREJESHO: Pawa saplai ya BBC Micro ya marehemu baba imewaka tena

Wakuu, nilileta hapa habari ya BBC Micro, kompyuta ya zamani ya marehemu baba, iliyotoa moshi mzito muda mfupi baada ya kuwashwa, nikauliza kama pawa saplai (sehemu inayoilisha umeme) ni ya kutupa. Mlinizuia. Asanteni sana.

Mkuu aliyesema nianze na kapasita (vipuri vya kutunza chaji) mbili za karatasi pale umeme unapoingilia alipatia kabisa. Ile ya 100 nF (nF ni kipimo cha uwezo wa kapasita) ilipasuka ubavuni, ganda lake la njano lina nyufa kama tope lililokauka, na uchafu wa kahawia umetapakaa kwenye bodi. Nimeweka mpya za plastiki, 100 nF na 10 nF, zote daraja la usalama la X2. Kariakoo nilizunguka siku nzima. Nyingi nilizopewa hazikuandikwa X2, nikazikataa. Hapo msilegeze, zinakaa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani.

Dada aliyenionya kuhusu chaji kwenye kapasita kubwa, Mungu akubariki. Niliipima ikiwa imechomolewa, bado ina volti 90! Niliimaliza kwa rezista (kipuri kinachozuia mkondo) ndipo nikagusa.

Niliwasha kwanza kupitia balbu ya wati 60 ili izuie mkondo mkubwa kama kuna hitilafu, ikamweka kisha ikafifia. Laini ya kutolea volti +5 inasoma 5.02, na maandishi yakatokea kwenye skrini. Mama alikuja kuyaangalia.

Kilichobaki: laini ya -5 inasoma -3.1 na spika inakoroma. Kapasita za elektroliti za upande wa kutolea umeme nimebadili nusu tu, za kuhimili joto la nyuzi 105 ziliisha dukani. Nimeagiza nyingine.