Mama kaacha dawa za presha anasema chokleti inatosha, naombeni ushauri

Binti_Ngamiani
Habari za jioni wakuu, naandika nikiwa na mawazo kweli. Mama yangu ana miaka 68, naishi naye hapa Ngamiani Tanga, presha anayo mwaka wa saba huu na sukari walishamwambia iko mpakani. Sasa kaka yetu yuko Uarabuni, alivyokuja likizo akaleta makopo mawili makubwa ya chokleti akamwambia mama eti wazungu wamefanya utafiti, mzee akila chokleti kila siku moyo unakuwa imara na hasahau ovyo. Bi mkubwa kashika hilo hilo. Asubuhi na chai chokleti, alasiri chokleti, usiku akitaka kulala tena. Hilo ningevumilia, ila juzi nafagia chumbani kwake nikakuta dawa za mwezi mzima hazijaguswa, kumuuliza ananiambia mwanangu nimechoka vidonge, na hii nayo dawa. Tukapima duka la dawa ikasoma 168 kwa 97. Sijalala. Hii habari ina ukweli au kaka katuletea balaa? Na nitamwambiaje, maana ukimkataza kitu anasema mnataka nife na hamu yangu.

NesiWaPwani
Pole sana dada. Kesho asubuhi mpeleke kliniki na makopo yake ya dawa yote, na asimeze nyingi kwa mpigo kufidia alizoruka. Akianza kulalamika kifua, au mdomo kwenda upande, au mkono kukosa nguvu, usingoje asubuhi, hospitali saa hiyo hiyo.

Utafiti upo, kaka hajadanganya ila kasikia nusu. Marekani waliwafuatilia wazee zaidi ya 21,000 kwa kama miaka mitatu na nusu, matokeo yakatoka 2022, lakini wale hawakula chokleti!! Walimeza vidonge vya kokoa vyenye miligramu 500 za flavanoli, ndiyo hiyo inayosaidia mishipa kutanuka. Vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 27 kwa waliopewa kokoa, ila ukijumlisha matatizo yote ya moyo na kiharusi tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kitu. Kumbukumbu kwa ujumla haikuongezeka, waliopata nafuu kidogo ni wale ambao mlo wao ulikuwa mbovu. Na kampuni moja kubwa ya chokleti ilichangia pesa za utafiti, hilo pia mjue. Kwenye presha, tafiti zikijumlishwa pamoja kokoa inashusha kama pointi 2 tu. Mama yuko 168, toa 2, bado yuko pabaya.

Mkulima_Kyela
Mimi kokoa nalima, ngoja niwaambie. Mbegu yenyewe ni chungu na inakaza ulimi, na ule uchungu ndo wenye hiyo flavanoli. Tukivuna tunavundika, tunaanika, kiwandani wanakaanga, wengine wanaitia magadi magadi ya kiwandani ili ipoe ukali na iwe nyeusi, kila hatua inapungua. Halafu wanaweka maziwa na sukari, hizo za makopo karibu nusu yake ni sukari. Mtu wa sukari ya mpakani anakula mara tatu kwa siku? Hapana jamani. Akitaka sana atafute nyeusi ya asilimia 70 kwenda juu, kipande kimoja kidogo, tena mchana, maana kokoa ina kafeini inaweza kumkatia usingizi.

Mzee_Raskazone
Binti, mie nina 71 na vidonge nameza kila siku, nakuomba usimwendee mama kwa ukali. Mzee akisema nimechoka dawa ujue kuna kitu dawa inamfanyia na anaona aibu kusema. Mie moja ilikuwa inanikohoza usiku kucha, nikaificha miezi miwili, siku nilipomwambia daktari alibadilisha dakika tano tu. Kaa naye barazani, mmenyee chungwa, muulize taratibu, mama hiyo dawa ukimeza unajisikiaje. Habari ya chokleti usiitaje kabisa.

Binti_Ngamiani
Wakuu nimerudi. Mzee wangu wa Raskazone Mungu akuzidishie umri, nilimuuliza hivyo hivyo akanyanyua dera akanionyesha miguu. Imevimba vifundoni, viatu haviingii, na mimi niko naye nyumba moja sijaona. Anasema ilianza walivyombadilishia kidonge mwezi wa tano, akaogopa kuwa figo, akanyamaza. Leo tumetoka kliniki, wamempima figo ziko sawa, ile dawa wameitoa wamempa nyingine na wiki ijayo turudi. Kaka nimempigia, kasikitika sana, kasema zile chokleti zilizobaki wapewe watoto wa mtaani. Mama kakubali ila kauliza, huyo kijana wa Kyela hawezi kumpatia kokoa yenyewe isiyo na sukari?

Mkulima_Kyela
Anapata, mwambie shikamoo. Natuma kilo moja iliyokauka. Akaange kwa moto mdogo kama karanga, amenye ganda, atwange ingali ya moto maana ina mafuta, kijiko kimoja kwenye maji ya moto na mdalasini. Sukari asitie, na kidonge chake ameze kwanza.