Mtego wa kamba wa mto unatoka na kaa tupu, shida iko wapi?

Kijito_Malewa
Habari wadau. Niko upande wa Naivasha, kwenye kijito kinachoingia mto Malewa. Kamba wa mto, wale wekundu wenye magando, wapo na mchana wanaonekana chini ya mizizi. Lakini mtego ukilala majini, asubuhi nakuta kaa wengi na kamba wachache sana. Mtego ni waya wa kuku, urefu sentimita 50, mlango mmoja wa upana wa sentimita 10. Chambo ni matumbo ya kuku. Nauweka katikati, penye mawe na mkondo. Hata hao wachache hufia kwenye ndoo ya maji kabla ya kufika nyumbani. Nirekebishe nini?

FundiMitego
Mahali pa kuweka ndipo penye kosa kubwa. Kaa wetu wa mtoni anapenda mawe na maji ya kasi. Kamba huyu asili yake ni vinamasi vya kusini mwa Marekani, anataka maji yaliyotulia, tope na majani ya kujificha. Toka kwenye mkondo, nenda kwenye vidimbwi vya pembeni, chini ya kingo zilizoliwa na maji, kando ya mafunjo. Kina cha nusu mita kinatosha.

Pili, mlango uelekee kule maji yanakoenda. Harufu ya chambo inabebwa na maji, kamba anaifuata akipanda kutoka chini. Ukiugeuza mlango kule maji yanakotoka, atafika nyuma ya mtego na kuishia kuparura waya.

Tatu, mtego wenyewe. Waya wa kuku una matundu makubwa, wa kati wote wanatoka. Tafuta ule wa kuanikia kahawa wenye matundu ya nusu inchi. Kata kipande cha sentimita 90 kwa 60, kunja ule upande wa 90 upate bomba la kipenyo kama 28. Weka faneli kila mwisho, iingie ndani sentimita 15, na tundu lake la ndani liwe sentimita 5 hadi 6, si zaidi. Tundu hilo lining'inie katikati, lisiguse sakafu. Kamba akishaingia hutembea akifuata ukuta na sakafu, hivyo tundu lililo juu halioni, ila lililolala chini atatokea palepale alipoingilia. Ncha za waya kwenye tundu ziache zikielekea ndani. Wanaotengeneza faneli kwa chupa ya plastiki hulalamika kwamba haikamati: plastiki inateleza, kamba hawezi kupanda. Ikwaruze kwa msasa au ivishe wavu.

Weka mawe mawili ndani na funga mtego kwenye mzizi kwa uzi wa nailoni. Mvua ikinyesha huko Nyandarua mto unakoanzia, maji hupanda usiku bila wewe kusikia tone.

Mama_Samaki
Naongezea chambo. Matumbo ya kuku yanayeyuka haraka na kaa huyamaliza mapema. Tumia vichwa vya tilapia au samaki mwenye mafuta, gramu 150 hivi kwa mtego, vibichi. Kamba anakula mizoga, ndiyo, lakini chambo kilichooza kabisa kinamfukuza. Kifunge katikati ya mtego, kisigusane na waya, la sivyo watakila wakiwa nje. Tega jioni, tegua asubuhi. Chambo kikiisha nguvu, walio ndani wanaanza kutafuta njia ya kutoka, na wakubwa wanawatafuna waliojivua gamba.

Mimi huweka nusu ya chambo kwenye kopo lililotobolewa, hata kaa akifika kwanza harufu inabaki.

FundiMitego
Kopo sawa, ila matundu yawe mengi na makubwa kama kidole. Watu hutoboa kwa msumari mwembamba halafu wanashangaa mtego mtupu.

Jiko_la_Ziwani
Kuhusu kufa kwenye ndoo: unawazamisha. Ndoo ikijaa maji yasiyotembea, hewa inaisha upesi. Kamba anapumua nje ya maji vizuri tu mradi matamvua yabaki mabichi. Watie kwenye gunia la mkonge lililoloweshwa, kivulini, usiwarundike sana. Njiani lowesha tena.

Nyumbani waoshe, waweke kwenye karai pana lenye maji safi ya sentimita mbili tu, bila chakula, usiku mmoja, ubadilishe maji ili matumbo yasafike. Chumvi kwenye maji haisaidii kitu hapo. Aliyekufa mtupe kabla ya kupika. Ile habari ya kuangalia mkia kama umejikunja baada ya kuchemka si kipimo cha kutegemea.

Chemsha maji kwanza, watie, yakichemka tena hesabu dakika 8 hadi 10. Usile mbichi wala nusu mbichi: kamba na kaa wa maji baridi wanaweza kubeba minyoo ya mapafu. Nyama ya mkia ni kama asilimia 15 ya uzito, kwa hiyo kilo moja inakupa gramu 150 hivi. Usivue kwenye mifereji inayotoka mashambani, na yale mafuta ya njano kichwani yaache, sumu hujikusanya humo.

Mlinzi_wa_Mto
Lile tundu la sentimita 5 hadi 6 lina faida nyingine: fisi maji hapiti. Anawafuata kamba hao hao, na akiingia mtegoni anazama. Kaa warudishe majini, ni wa asili hapa. Zungumza na BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi) ya eneo lako kuhusu leseni kabla ya kutega. Karibu na ziwa tega jua likiwa bado lipo na utegue kukishapambazuka, wala usiweke mtego kwenye njia ya kiboko.

Kijito_Malewa
Nimeelewa, asanteni. Swali la mwisho: naweza kuchukua majike wenye mayai nikawatia kwenye bwawa langu la tilapia?

Mlinzi_wa_Mto
Hapana. Kwanza, bila kibali ni kosa. Pili, jike mmoja hubeba mayai mamia chini ya mkia, na kamba hawa huchimba mashimo kwenye kingo hadi bwawa linavuja. Watakata nyavu zako. Naivasha waliletwa 1970, biashara ikaanza 1975, na mayungiyungi ya ziwa yakafyekwa. Usiku wa mvua wanatembea nchi kavu, kwa hiyo hawatabaki bwawani mwako. Kama unataka wa kula, wachemshe siku hiyo hiyo au ya pili yake.

Mama_Samaki
Na majike wenye mayai huwapati sana mtegoni, wengi hujifungia mashimoni. Ukimwona mmoja, jua wengine wako mashimoni ukingoni kwako tayari.