Ushauri: Nataka kuweka sauti ya bibi kwenye biti, kama walivyofanya Deep Forest

Prodyuza_Mchanga: Wakubwa shikamooni, wengine salaam. Wiki nzima nasikiliza albamu ya kwanza ya Deep Forest, ya 1992. Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, walichukua nyimbo za asili wakazitilia vinanda na midundo ya kompyuta. Imenigusa sana. Mwaka jana kule Bukoba nilimrekodi bibi kwa simu, yeye na jirani zake wawili, wakiimba nyimbo za Kihaya za kubembeleza watoto. Biti ninayo tayari. Bibi kasema, "Chukua tu, mjukuu wangu." Jirani mmoja ameshafariki. Niachie wimbo, au kuna kitu sijakiona?

Mama Tuli: Pole kwa msiba, mwanangu. Usiachie kwanza. Ule wimbo wao "Sweet Lullaby" uliowapa umaarufu, wengi wanadhani ni sauti ya misitu ya Afrika ya Kati, maana albamu nzima imevikwa sura hiyo. Sivyo. Aliyeimba ni mama mmoja wa Visiwa vya Solomon, Pasifiki, aitwaye Afunakwa, aliyerekodiwa na mtafiti Hugo Zemp. Ni wimbo wa mkubwa akimnyamazisha mdogo wake, baba yao amekufa. Dunia ikaucheza bila kujua. Mwaka 1996 Jan Garbarek wa Norway akaupiga kwa saksafoni, akauita "Pygmy Lullaby", yaani wimbo wa kubembeleza wa watu wa misitu ya Afrika ya Kati! Kosa likazaa kosa. Zemp naye alilalamika hadharani kwamba rekodi yake ilitumika bila ridhaa. Inaniuma kila nikiusikia, na ni mzuri kweli.

Fundi Kipaza: Dada kasema kweli. Nami nawapenda Deep Forest, hasa albamu yao "Boheme" ya 1995 aliyoimba Márta Sebestyén wa Hungaria, ile iliyopata Grammy. Ila mdogo wangu, "chukua tu" ya mtu ambaye hajasikia ulichotengeneza bado si ruhusa. Mpelekee bibi spika, asikilize mpaka mwisho, muulize wimbo unasema nini na unaimbwa wakati gani. Majina yote matatu yaandikwe. Mgawo wa mapato muandikiane kabla hujaenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kusajili. Kwa marehemu, tafuta watoto wake.

Prodyuza_Mchanga: Asanteni sana. Nimempigia bibi jioni hii. Kumbe ule niliojengea biti aliutunga marehemu mwenyewe, kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza. Binti huyo anaishi Muleba. Jumamosi napanda basi.