London mwezi wa 12 na mamangu: tubebe nini, tuache nini nyumbani?

BintiWaUmoja
Wadau habari za jioni. Viza zimetoka, yangu na ya mamangu, tunaenda London katikati ya mwezi wa 12 mpaka mwaka mpya upite. Hatuendi kazi wala harusi, ni likizo tu, nilimwahidi kitambo kwamba nikijiweza nitampeleka akaone mahali pale anaonaga kwa TV. Ako na miaka 67, ana presha na magoti yanamsumbua kwa ngazi, lakini kwa barabara tambarare anatembea vizuri tu polepole. Sasa shida ni mizigo. Chumba chake saa hii hakipitiki, kuna blanketi mbili, sweta za kufuma rundo, pakiti za unga, majani, nyama ya kukausha yenye shangazi ametuma kutoka Kitui na kibuyu cha maziwa lala. Nikimwambia apunguze anasema huko ni baridi na chakula cha watu hakieleweki. Tiketi yetu inaruhusu begi moja ya kilo 23 kila mtu na ndogo ya mkononi. Wenye mnaishi huko ama mmeenda hivi karibuni, nisaidieni: nguo gani zinasaidia kweli, chakula gani kinaruhusiwa, pesa tubebe vipi, na koti ninunue hapa ama nikanunue huko? Asanteni sana.

Nesi_EastLondon
Karibuni sana dada na umsalimie mama. Nianze na chakula juu hapo ndio watu hulia airport. Nyama na maziwa kutoka Kenya haviruhusiwi kabisa kuingia Uingereza, hata iwe kidogo, hata iwe imekaushwa ikakauka, wakikupata navyo vinachukuliwa na kutupwa. Kwa hivyo hiyo nyama ya shangazi na maziwa lala mvifurahie hapo nyumbani kabla ya safari, mwambie mama hivyo kwa upole, sio wewe umekataa ni sheria. Majani hayana neno, unga pia, lakini usimbebee pakiti nyingi, unga wa ugali na sukuma huku tunapata kwa maduka ya Waafrika, mimi niko East London na ninasonga ugali kila wiki. Pakiti moja ya kumtuliza roho siku za kwanza inatosha.

Sasa nguo. Mtu wa Nairobi akisikia baridi anafikiria sweta nzito, na hizo sweta ndio zinamaliza kilo bure. Mwezi wa 12 hapa mchana inakuwa karibu nyuzi 8 au 9, usiku 4 au 5, theluji ni nadra, kinachosumbua ni upepo na manyunyu yasiyoisha. Sasa ukiingia ndani, iwe duka, basi ama treni, kumewashwa hita mpaka mtu anatokwa jasho. Mama akivaa sweta tatu nene atateseka, hawezi kuvua akiwa amesimama kwa treni na mkoba mkononi. Mvalishe hivi: vesti na suruali za ndani za kubana za baridi, juu yake blauzi na kadigani nyepesi yenye vifungo, alafu koti moja refu la kuzuia upepo na maji. Akiingia ndani anafungua koti na vifungo vya kadigani, basi. Sketi na kitenge bado anaweza kuvaa, hiyo suruali ya kubana inakaa ndani haionekani. Kofia ya kufunika masikio, skafu na glavu haziachwi. Blanketi ziache kwa kabati.

Kitu nakuomba usifanyie bahili ni viatu. Huu mji unaonwa kwa miguu, na lami iko na maji kila wakati. Mnunulie mama kiatu cha soli nene isiyoteleza, kisichopitisha maji, kiwe kikubwa kidogo ndio soksi ya sufu iingie bila kubana vidole, na aanze kukivaa sasa hivi, akienda nacho kanisani na sokoni mpaka kimzoee. Kiatu kipya kikimkata siku ya kwanza likizo yote inabaki ya kukaa kitandani.

MtuWaBeloo
Kwa koti mimi nasema nunua hapa, tena Gikomba, lile soko la mitumba la Nairobi. Amka mapema siku ya kufungua beloo, lile furushi la mitumba, na uulize kamera, zile nguo safi za kwanza, usingoje fagia, mabaki ya mwisho. Makoti mengi pale yametoka hukohuko Ulaya, yameshonwa kwa baridi hiyo. Angalia vitu hivi: zipu ipande mpaka kidevuni bila kukwama, iwe na kofia yake, na mkono ufike kwenye kiganja. Alafu beba chupa ya maji, mwagia tone kwa bega, likisimama kama shanga na kuteleza hilo koti chukua, likinywewa na kitambaa rudisha. Peleka kwa fundi abadilishe kifungo kama kimelegea, fua, umemaliza.

TaoniForeksi
Nafanya kazi ya kubadilisha pesa hapa taoni so hebu niongee upande huo. Uingereza noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kutumika 30/9/2022. Hapa Nairobi bado kuna watu wako nazo kwa droo, mjomba alirudi nazo zamani, na ukiuziwa na mtu mkononi utaenda kukataliwa dukani. Noti halali ni za plastiki, ukizishika zinateleza na ziko na kidirisha unaona upande wa pili. Yenye picha ya malkia na yenye picha ya mfalme Charles zote zinakubaliwa, usishtuke. Omba upewe za 10 na 20, maduka mengi hayapendi ya 50.

Lakini cash beba kidogo tu. Mabasi ya London hayachukui pesa taslimu tangu 2014, ni kugusa kadi kwa mashine. Kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye ile alama ya kugusa inafanya kazi kwa basi na treni, lakini kila mtu na yake, huwezi kugusia mama na kadi yako. Kama mama hana, mnunulie Oyster mkifika, ni kadi ya usafiri ya London, unaijaza pesa. Kwa treni gusa ukiingia na ukitoka na kadi hiyohiyo, usichanganye kadi na simu, mashine itaona ni watu wawili na kukata zaidi. Piga benki yako uwaambie unasafiri, na washa roming ya laini yako kabla hujatoka Kenya juu zile namba za siri za benki zinakuja kwa SMS, laini ikiwa imezima huwezi kulipa kitu mtandaoni.

BintiWaUmoja
Aki mmenisaidia sana, hii ya noti sikuwa najua kabisa. @Nesi_EastLondon na dawa zake za presha? Anameza saa tatu usiku kila siku. Na chaja tunahitaji plagi ya kubadilisha? Hiyo treni nayo nasikia iko chini ya ardhi na ngazi ni nyingi, magoti ya mama yataweza kweli?

Nesi_EastLondon
Dawa zikae kwa begi ya mkononi, zote, usiweke hata moja kwa begi kubwa, begi kubwa inaweza kuchelewa. Ziwe kwa pakiti zake zenye jina lake, sio kwa kijikaratasi, na umwombe daktari barua fupi ya kusema ni dawa gani na kiasi gani. Beba za siku kadhaa zaidi. Huku mwezi wa 12 tuko nyuma yenu masaa matatu, saa tatu usiku ya Nairobi ni saa kumi na mbili jioni London, so ni rahisi, anameza jioni kabla ya chakula cha usiku na mwili hautambui tofauti. Mwulize daktari wake pia kama anakubaliana na hilo.

Na bima tafadhali, mtu wa umri huo asisafiri bila bima. Mgeni akilazwa hospitali huku analipishwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku. Mkichukua bima semeni wazi kwamba ana presha, ukinyamaza wanaweza kukataa kulipa.

Plagi ni zile zile za pini tatu za mraba kama Kenya, chaja zenu zinaingia moja kwa moja. Pawabenki iwe kwa begi ya mkononi. Mafuta ya kujipaka beba mazito, baridi ya huku inakausha ngozi inakuwa nyeupe, kopo kubwa liende kwa begi kubwa. Na msukwe kabla mtoke, kusukwa huku ni bei.

BabaWawili_SouthB
Nilikuwa huko na wazazi wangu krismasi iliyopita so kwa magoti nisikilize mimi. Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow shikeni treni ya Elizabeth line, stesheni zake zote ziko na lifti ama njia isiyo na ngazi mpaka kwa jukwaa. Laini zingine za zamani stesheni nyingi hazina lifti. Mkishafika mjini sahau treni, pandeni mabasi, yote yanashuka chini mtu anaingia bila kupanda ngazi, na ukigusa kadi mara moja unaweza kubadilisha mabasi kwa lisaa limoja bila kulipa tena. Basi namba 15 inapita Tower of London na St Paul's mpaka Trafalgar Square, mamangu alikaa karibu na dirisha akaniuliza kila jengo ni la nani. Pale Trafalgar kuna mti mkubwa wa krismasi wenye Norway hutuma kila mwaka tangu 1947. Makumbusho makubwa kama British Museum na Natural History Museum kuingia ni bure na kuna viti vya kupumzika. Kama mama ni wa kanisa mpeleke ibada ya jioni Westminster Abbey, anayeenda kuabudu halipi.

Tokeni mapema lakini, jua linazama kabla ya saa kumi jioni.

Mizigo pima nyumbani. Sisi tulipeleka mabegi kwa duka la nafaka hapa mtaani, jamaa akayaweka kwa mzani wa gunia, moja ikapatikana kilo 27 tukatoa vitu palepale. Koti avae kwa ndege, lisiingie kwa begi. Na beba kiondo ama mfuko wa kitambaa, maduka ya huko yanauza mifuko, na ile ya plastiki usirudi nayo, hapa ni marufuku tangu 2017.

Ya mwisho na ni muhimu: tarehe 25/12 hakuna basi wala treni London nzima, na tarehe 24 treni zinaisha mapema. Nunueni chakula cha siku mbili tarehe 23, na mtafute kanisa lenye mnaweza kufika kwa miguu.