Naomba ushauri: mbadala wa biskuti za graham

Habari zenu wapendwa. Jumapili mdogo wangu anapata kipaimara, nataka nimwokee vile vipande vya limao vyenye tabaka la biskuti chini. Resipe ni ya Marekani, inataka biskuti za graham, zile za ngano isiyokobolewa. Nimezunguka soko lote la Mwanjelwa hapa Mbeya, hakuna hata anayezijua.

Jana nikajaribu za glukosi, gramu 200 kwa siagi gramu 100 iliyoyeyushwa. Ladha tamu kweli, lakini kisu kilipogusa tu, tabaka likamomonyoka lote na karatasi ikabaki inang'aa mafuta. Niliumia.

Nipunguze siagi, au nichanganye unga wa atta (wa ngano isiyokobolewa) na asali kidogo? Naoka kwa jiko la mkaa, hivyo aliyewahi anielekeze na moto wa juu. Siagi imebaki robo kilo tu. Asanteni sana.